Unafikia kwa Nani?

Mwanafunzi wa kidato cha sita akiuliza habari za chuo, watu wengi humjibu kwa pointi. Nami nilijibiwa hivyo. Wiki moja kabla ya mtihani wa Mei 2023, mwalimu wa taaluma alitukusanya bwaloni akatuandikia ubaoni hesabu mbili ambazo hadi leo naona hazipatani. Kwa Baraza la Mitihani, A ni pointi moja, B mbili, C tatu, hivyo hivyo hadi F yenye saba. Zinajumlishwa za masomo matatu, na mwenye chache ndiye bingwa. Kuanzia tatu hadi tisa ni daraja la kwanza. Kwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kibao kinageuka: A ni tano, B nne, C tatu, D mbili, E moja, na mwenye nyingi ndiye bingwa. Ili chuo kikubali hata kukutazama, sharti uwe na prinsipo mbili, yaani masomo mawili uliyopata E au zaidi, zenye jumla isiyopungua pointi nne, tena katika masomo ambayo kozi yenyewe inayataka.

"Nne ni mlango," mwalimu akasema, "siyo kiti."

Alikuwa na maana kwamba kozi inayopendwa huwachukua kwanza wenye alama za juu, na wenye nne zao hubaki wamesimama. Tukaandika. Kisha mwenzetu mmoja wa nyuma akanyoosha mkono akauliza: mtu akikosa hosteli, analala wapi? Bwalo zima likacheka. Mwalimu akasema hayo tutayakuta mbele ya safari, akafuta ubao.

Mimi sikucheka sana, maana nyumbani kwetu Mbinga swali hilo ndilo lililokuwa likiulizwa tangu nilipoingia kidato cha tano. Mama hakuwa na habari na prinsipo. Kila nilipotaja chuo, aliinua uso kwenye kazi yake akauliza, "Unafikia kwa nani?" Nikitaja Mwanza, unafikia kwa nani. Nikitaja Dodoma, unafikia kwa nani. Wakati ule niliona ni woga wa mtu ambaye hajasafiri. Lakini katika maswali yote niliyoulizwa au niliyouliza mwaka ule, lake ndilo lililoamua nisome wapi.

Matokeo yalitoka Julai. Kiswahili B, Historia C, Kiingereza D. Kwa Baraza hiyo ni daraja la kwanza la pointi tisa, yaani nimeingia kwa kujibana. Kwa TCU ni saba katika masomo yangu mawili bora. Binamu yangu, ambaye ana kibanda cha intaneti na mashine ya kutoa kopi pale mjini Mbinga, alimpigia Baba simu akamweleza hesabu zote mbili. Baba alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama mtoto amefaulu mara mbili au nusu nusu.

Sikuwapo kumwelewesha. Nilikuwa kambini Mlale kwa mujibu wa sheria, mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa yaliyositishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Wenzangu wengine walipelekwa mikoa ya mbali wakaanza kuijua nchi wakiwa na kombati. Mimi nilipangiwa mkoani kwetu kule kule, Ruvuma, kwa hiyo pamoja na kukimbia mchakamchaka kote huko, nilikuwa bado sijavuka vilima vya Lukumburu. Na kwa kuwa dirisha la maombi hufunguliwa mara tu matokeo yanapotoka, nasema bila aibu kwamba chuo sikuomba mimi. Niliombewa.

Tangu mwaka 2017 mwombaji hutuma maombi moja kwa moja kwa kila chuo, si kupitia mfumo mmoja wa pamoja kama ilivyokuwa kuanzia 2010. Kila chuo na tovuti yake, kila tovuti na namba yake ya malipo, kila namba na shilingi 10,000 zake. Binamu akaomba vyuo vitatu kwa kutumia namba yangu ya mtihani ya kidato cha nne na ya sita. Baba akauza nguruwe. Kahawa ilikuwa ndiyo kwanza inavunwa, na kwetu kahawa hupelekwa chama cha ushirika ikasubiri mnada, hivyo fedha yake haina haraka na shida za Julai.

Maombi ya chuo, hata hivyo, ni mepesi. Mtihani ni mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inataka kujua kama kweli nyumbani kwenu mnahitaji, na uhitaji huo hauthibitishwi kwa kuutazama uso wa mtu. Kwanza cheti cha kuzaliwa. Mimi nilikuwa na kadi ya kliniki tu, imekunjwa mara nne, uzito wangu wa utotoni ukipanda na kushuka kwa kalamu ya bluu. Baba akaenda ofisi za wilaya kutafuta cheti, kilipopatikana kikaenda kuhakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, maana bila uhakiki huo Bodi haikipokei. Kisha fomu: mwenyekiti wa kijiji asaini na kugonga muhuri kwamba ananifahamu, mdhamini aweke picha na kitambulisho, wakili athibitishe viapo. Kisha ada ya maombi, shilingi 30,000. Mtu aliyefiwa na mzazi huambatanisha na cheti cha kifo, nacho kimehakikiwa. Rafiki yangu mmoja aliyelelewa na bibi yake ilibidi akitafute cheti cha kifo cha baba aliyefariki kabla yeye hajajua kutembea, na akaniambia kwamba kabla ya fomu ile alikuwa hajawahi kuliona jina la baba yake limeandikwa kwa mashine.

Mahali pa sahihi ya mwombaji palibaki patupu, mwombaji yuko Mlale. Basi Jumapili moja niliitwa getini. Baba alikuwa amesimama kivulini na bahasha ya plastiki kifuani, suruali imepigwa pasi, kofia mkononi, anawaamkia askari ambao wengine wangeweza kuwa wajukuu zake. Tulipewa dakika chache. Akafungua bahasha, akanionyesha kwa kidole kila pahali palipotiwa alama ya msalaba kwa penseli.

"Soma kwanza," akasema.

"Baba, muda hautoshi."

"Ni deni. Soma."

Nikasoma. Deni lenyewe hurudishwa kwa kukatwa asilimia 15 ya mshahara, na hilo Baba alikuwa ameshalijua kwa mtendaji wa kata. Alijua pia kwamba ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021. Hakuwa msomi Baba, ila deni la pembejeo limemfundisha kuuliza riba kabla ya kuuliza kiasi. Nikasaini pale na pale na pale. Akafunga bahasha, akaniachia pakiti ya karanga, akaenda kuwahi gari.

Nilichaguliwa vyuo viwili, Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vyote shahada ya sanaa na elimu, Kiswahili na Historia. Anayechaguliwa zaidi ya mara moja hutumiwa namba ya siri kwenye simu, naye huthibitisha chuo kimoja ili nafasi nyingine wapewe wengine. Watu wakajitokeza kushauri. Mmoja akasema nisisome ualimu kabisa, walimu wamejaa mitaani. Mwingine, mwalimu mstaafu, akasema Dodoma ndiko kuna nafasi ya kusoma kwa utulivu. Mimi moyo wangu ulikuwa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa sababu ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, ambayo zamani sehemu yake iliitwa TUKI, waliotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Kamusi ile ilikuwa kabatini shuleni, imefungwa kwa kufuli, na niliwahi kuandikiwa adhabu kwa kukaa nayo usiku. Nilijenga hoja yangu vizuri sana. Baba alinisikiliza, akamtazama Mama, wakaafikiana bila kutaja kamusi hata kidogo.

"Dodoma hatuna mtu," Mama akasema. "Dar yupo Mjomba wako."

Nikathibitisha Dar es Salaam.

Maandalizi ya wiki ya mwisho sitayaeleza yote. Jumuiya yetu ndogo ndogo ilichanga, kila mtu kwa uwezo wake, na katibu akasoma majina kwa sauti kama kawaida ya michango ili asiyechanga ajijue. Bibi alikuja na debe la maharage ya kwetu. Nilimwambia chuoni kuna mgahawa. Akaniambia hayo maharage si yangu, ni ya mke wa Mjomba. Mtu haendi kulala kwa watu mikono inaning'inia. Vyeti vyangu vya asili viliwekwa kwenye bahasha, bahasha kwenye mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya kitenge, na kitenge nilikifunga kiunoni chini ya sweta. Fomu ya kupimwa afya ilisainiwa hospitalini. Fedha ya bima ya afya ya mwanafunzi, shilingi 50,400, iliwekwa kando na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Kilichokosekana ni kimoja. Bodi hutoa majina ya waliopata mkopo kwa awamu, na awamu ya kwanza ilikuwa imeshatoka. Jina langu halikuwamo.

"Unaenda," Baba akasema. "Jina litakukuta njiani."

Basi liliondoka Mbinga saa kumi na moja alfajiri. Oktoba ile milima ya Umatengo ilikuwa na baridi yake ya asubuhi, na taa za basi zilipiga mashamba ya ngoro, yale mashimo tunayochimba kwenye miteremko ili mvua isibebe udongo. Nimekulia ndani ya mashimo hayo bila kuyaona, na yakawa ya ajabu siku ile tu kwa sababu nilikuwa nimekaa juu, dirishani, naondoka. Songea tuliingia jua limechomoza. Baada ya hapo kila kibao cha barabarani kilikuwa kipya kwangu, na nilivisoma vyote hadi Lukumburu, ambako kona zinazidi na abiria mmoja mbele akaanza kuomba mfuko.

Njombe akapanda dada mwenye begi la mgongoni na gunia dogo la viazi, akaketi pembeni yangu. Nilimwamkia. Akaniuliza naenda wapi, nikamwambia. Akaitazama ile namna nilivyokuwa nimekaa, mkono mmoja umeshika kiuno.

"Vyeti?" akauliza.

Nikashtuka.

"Wote tulikuja hivyo, mdogo wangu. Legeza kidogo, utavunja mgongo kabla ya Makambako."

Alikuwa anasoma mwaka wa tatu Chuo Kikuu Mzumbe, anawahi kutafuta chumba cha kupanga kabla wenzake hawajafika. Kati ya Njombe na Morogoro dada huyu alinifundisha chuo kuliko mtu yeyote kabla yake, na hakutumia pointi hata moja. Alianza na lugha. Fedha ya chakula na malazi ya mkopo, ambayo mwaka ule ilikuwa shilingi 10,000 kwa siku, inaitwa bumu, na ikija hulipwa ya wiki nyingi kwa mpigo, ndipo utakapowaona watu wazima wakinunua viatu. Nakala za masomo ni madesa. Kurudia mtihani ni sapu. Kuondolewa kabisa ni kudisko, nalo si jambo la kuchekewa. Akaniambia ninunue ndoo Dar, nisibebe. Lakini shuka nibebe mbili. Nisimpe mtu yeyote vyeti vya asili akaondoka navyo machoni pangu, hata awe na tai. Nitoe kopi nyingi kabla ya siku ya usajili, kwa sababu siku hiyo kila mtu anatoa kopi.

"Na mkopo?" nikauliza.

"Awamu ya pili bado. Usilie hadi ya mwisho."

Kuanzia hapo safari yangu ikawa ya kuvizia mtandao. Penye mji simu ilipata nguvu nikafungua akaunti yangu ya Bodi. Penye msitu ikakata. Makambako, basi limesimama kwenye mizani, nikafungua: hakuna kitu. Katikati ya misonobari ya Sao Hill, Mafinga, duara likazunguka hadi nikachoka. Iringa tulipita chini, Ipogolo, mji wenyewe uko juu ya mlima unatutazama. Dada akanionyesha kwa mkono upande ambako kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, ambacho ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 2005 na kazi yake kubwa ni kuandaa walimu. Nikamuuliza swali ambalo lilikuwa linanikereketa tangu yule mshauri wa Mbinga: ni kweli walimu wamejaa mitaani?

Hakunidanganya. Akasema nafasi za serikali ni chache kuliko wahitimu, na kaka yake mwenyewe alimaliza ualimu, akakaa, sasa anafundisha shule binafsi na anafuga kuku. "Lakini waliokushauri usome nini badala yake?" akauliza. Nikafikiri. Hawakusema. Nimekutana na washauri wa aina hiyo wengi baadaye. Wanajua kozi zote zisizo na ajira, na ukiwauliza yenye ajira wanataja ile aliyosoma mtoto wao.

Ilula wauza nyanya walikimbilia madirishani na ndoo zilizojazwa hadi kilele. Kisha ukaja Mlima Kitonga. Niliambiwa nisitazame bondeni, nikatazama. Barabara inashuka kwa kukata ubavu wa mlima, malori ya kwenda Zambia yanapanda yakiguna, na basi letu linateremka likijizuia, huku kondakta, ambaye tangu Songea hakunyamaza, amenyamaza. Tulipofika chini hewa ilikuwa nyingine. Nilivua sweta la Mbinga hapo na sikulivaa tena hadi likizo. Mibuyu ikaanza, mikubwa, mto Ruaha ukatembea nasi upande mmoja, na Ruaha Mbuyuni vitunguu vilipangwa kando ya lami kwa mafungu.

Dereva alisimamisha gari porini tukachimbe dawa, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Nilikuwa nimejizuia tangu Mafinga kwa kuogopa kuachwa. Dada akanishika mkono tukaenda pamoja. Akasimama kunilinda, nami nikasimama kumlinda, na kitenge cha vyeti kikatumika kama pazia kwa zamu.

Mikumi tuliingia jua linazama. Barabara kuu inapita katikati ya hifadhi, kwa hiyo huhitaji kiingilio kuona twiga, unahitaji kiti cha dirishani tu. Niliwaona pundamilia, swala wengi, na tembo mmoja ambaye watu wa upande wa pili walimwona vizuri zaidi. Kando ya njia kuna mabango yanayoorodhesha faini ya kumgonga kila mnyama, kwa dola. Abiria mmoja akasoma ya twiga kwa sauti, mwingine akaibadilisha kuwa shilingi kichwani, na basi zima likapiga mluzi. Nami nilikuwa nakokotoa ada.

Kwenye njiapanda ya Mzumbe dada aliteremka gizani na gunia lake. Aliniandikia namba yake kwenye tiketi yangu, akamwambia kondakta kwa ukali, "Huyu ni mdogo wangu, asishushwe Kibaha." Kondakta akasema sawa dada. Msamvu, Morogoro, simu ilikamata mtandao vizuri, nikafungua akaunti. Awamu ya pili bado.

Stendi ya Magufuli, Mbezi, tulifika karibu na saa sita usiku. Nilikuwa nimeonywa kuhusu Dar na watu wote walioijua na wengi wasioijua, kwa hiyo nilibaki kitini hadi nilipomwona Mjomba chini ya taa. Vijana wawili walikuwa wameshashika debe la maharage, kila mmoja anataka kulipeleka kwenye pikipiki yake.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mjomba. Weka chini hilo, we kijana! Umekula?"

Nyumba yake ilikuwa Kimara, vyumba viwili na sebule, watoto watatu. Sebuleni godoro lilikuwa limeshatandikwa. Anti, mke wake, alipoyaona maharage alifungua mdomo wa debe pale pale usiku ule, akachota mkononi, akayapeleka kwenye mwanga. "Ya kwetu kabisa haya," akasema, ingawa yeye ni mtu wa Tanga. Nililala nikiwa na kitenge kiunoni.

Asubuhi yake Mjomba, ambaye ni fundi umeme, aliomba ruhusa kazini anipeleke. Basi la mwendokasi kutoka Kimara hadi Ubungo, kisha daladala ya chuo. Njiani alinieleza kwamba ameishi Dar miaka yote hiyo na hajawahi kuingia Mlimani, hana shughuli nako. Gari lilipopanda kilima na miti mikubwa ikafunga barabara pande zote mbili, alikaa wima kama mtu aliyevaa suti. Ukumbi wa Nkrumah aliutambua kabla yangu, kwa sababu ulikuwa nyuma ya noti ya shilingi mia tano. "Kumbe upo kweli," akasema. Ngedere walikuwa juu ya paa la jengo moja, na hakuna mwanafunzi aliyewatazama.

Historia ya chuo kile tuliisoma sekondari kwa ajili ya mtihani: kilianza Oktoba 1961 mjini, Mtaa wa Lumumba, katika jengo la chama cha TANU, kikiwa na kitivo cha sheria peke yake, kikahamia Mlimani 1964, kikawa chuo kikuu kamili kinachojitegemea tarehe 1 Julai 1970. Kwenye kitabu ilikuwa mistari mitatu. Kwa miguu ni kilima kizima, na kuanzia Utawala hadi maktaba mpya, ile iliyofunguliwa Novemba 2018 yenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, Mjomba alisimama mara kadhaa akasingizia kutazama mandhari.

Usajili ulikuwa foleni ndefu ya watu wenye bahasha. Hapo nikagundua hatukuwa wanafunzi peke yetu. Kila mmoja alikuwa na mtu: kaka mwenye funguo za bajaji, shangazi aliyekaa kwenye ukingo wa maua na chupa ya maji, mzee wa Kimasai aliyekuwa akimlinda binti yake na foleni nzima. Wasio na mtu walijulikana kwa mabegi, maana waliyasukuma kwa mguu kila foleni iliposogea; hakukuwa na wa kumwachia. Kopi zangu zilitosha, na zile za fomu tupu ya afya zilizobaki nikawapa wawili ambao zao zilipungua. Vyeti vya asili vilitazamwa, vikarudishwa mkononi mwangu, nikavirudisha kiunoni hadharani bila haya. Nikapewa namba ya usajili, na nafasi ya hosteli, kitanda cha juu.

Kuhusu Kiingereza, ambacho kilikuwa hofu yangu kubwa na ile D yangu, nilichokuta ni hiki: Historia na kozi za elimu ni Kiingereza mwanzo mwisho, na wahadhiri hawapunguzi mwendo, kozi za Kiswahili pale TATAKI hufundishwa kwa Kiswahili, na baadhi ya wale waliotamba kwa Kiingereza Jumatatu walikuja kuniomba madesa Jumatano. Vipindi vingine huanza saa moja asubuhi. Hayo ndiyo yote ninayoweza kusema juu ya wiki ya kwanza ya masomo, kwa sababu wiki hiyo akili yangu ilikuwa kwenye simu.

Chumbani tulikuwa tumejaa, kisha usiku wa tatu akaja mmoja zaidi. Alitoka Kigoma, amesafiri njia ndefu kuliko sisi sote, hakupangiwa hosteli na mkopo wake ulikuwa bado pia. Dar hakuwa na mtu. Aliletwa na mwenzetu wa kitanda cha chini ambaye alikutana naye kanisani, wakamaliza ibada wakiwa ndugu. Wanafunzi huita hivi kubebana, na nilipoona mabegi yake nilielewa kwamba lile swali la bwaloni lililochekesha watu lilikuwa na jibu, isipokuwa jibu lenyewe lina upana wa godoro la mtu mmoja. Tukabishana nani alale ukutani. Yeye akasema anakoroma. Tukamweka ukutani ili pawe rahisi kumpiga kiwiko.

Awamu ya pili ilitoka nikiwa kwenye foleni ya chakula. Jina lilikuwamo: bumu, na sehemu kubwa ya ada. Nilitoka kwenye foleni, nikasogea chini ya mti, nikapiga nyumbani.

Baba alitaka kujua sehemu iliyobaki ya ada ni kiasi gani. Nikamtajia. Akanyamaza anapiga hesabu. Nilisikia kuku nyuma yake na Mama akiuliza kuna nini.

"Kahawa imeuzwa," akasema. "Hiyo iliyobaki nalipa yote kabla ya Krismasi. Nilikuwa nimeweka nyingi zaidi."

"Basi ezeka jiko, Baba. Mama amelowana vya kutosha."

"Nitaezeka. Ila laki moja siigusi. Mdogo wako amesema anataka PCM, ile ya fizikia, kemia na hesabu."

"Mwambie fizikia ni ngumu."

"Nimemwambia. Anasema kwani wewe uliijua lini?"

Nyuma yake Mama akachukua simu, akaniuliza kama yale maharage yaliiva vizuri na maji ya Dar.